Acheni Kuchagua Faili kwa Macho, Pigeni Kura

Leo nimekuja na ugomvi. Nilikuwa nimeanza kuandika habari nyingine kabisa, ya jinsi ya kupunguza ukubwa wa picha, lakini nimeiweka kando. Kuna jambo limenikaa rohoni na lisipotoka sitalala. Kwa sura ni jambo dogo: namna tunavyochagua faili za kukagua. Kwa madhara si dogo hata kidogo. Na kabla sijamnyooshea mtu kidole, nianze na nafsi yangu, maana mkosaji wa kwanza ni huyu anayeandika.

Nilipotoka chuo na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta, kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, kule Changamwe. Jina siliweki, halina umuhimu. Mimi nakaa Kisauni, kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa matatu mbili: moja ya kuvuka daraja la Nyali hadi mjini, nyingine ya kupita Makupa hadi kazini. Ofisi ilikuwa na mlima wa karatasi: hati za kutoka na kurudi kwa kontena, za miaka mitatu. Zikapigwa skani, kila hati faili yake ya PDF, jumla karibu 11,800. Vijana wa kibarua wakawa wanazifungua moja moja na kuingiza namba ya kontena, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi kwenye hifadhidata niliyoitengeneza mimi.

Namba ya kontena haikunisumbua. Ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho ni ya kujikagua: hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa hiyo mtu akikosea, mara nyingi programu inamkatalia pale pale. Tarehe ndiyo haina mlinzi. Tatu ikisomwa nane, mfumo unapokea bila kuuliza.

Kazi ilipoisha msimamizi akaniambia, "Kijana, fungua faili kama hamsini hivi, hapa na pale, uone kama ziko sawa. Kisha tuweke sahihi tumalize."

Nikafungua hamsini. Hapa na pale. Nashuka kidogo na kipanya, nabofya moja, nashuka tena, nabofya nyingine. Nilikuwa naamini kabisa kwamba nachagua kwa bahati nasibu. Sikuona kosa hata moja. Nikaandika ripoti kwamba data ni safi, nikatia sahihi majina yangu yote matatu.

Miezi mitatu baadaye akaja ofisini dereva mmoja wa lori, mtu mzima, mkazi wa Likoni. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Alikuwa amekatwa shilingi 9,000 kwenye mshahara kwa kuchelewesha kontena siku tano. Hakupiga kelele. Alitoa mfukoni nakala yake ya ile hati, imekunjwa mara nne, akaiweka juu ya meza yangu na kusema, "Mwanangu, mimi kusoma kwangu si kwingi, lakini hii hapa ni tatu. Nyinyi mmeandika nane."

Ilikuwa tatu.

Nikamwomba radhi, nikaahidi kulifuatilia. Usiku ule nikarudi kwenye zile faili, na safari hii kipanya sikukigusa. Niliandika mstari mmoja tu:

find skani -type f -name '*.pdf' | shuf -n 300

Mstari huo ulinipa faili 300 ambazo mimi sikuzichagua. Ilinichukua siku mbili kuzilinganisha na hifadhidata. Zenye tarehe isiyo sahihi zilikuwa 19. Hiyo ni asilimia 6 na kitu, na ukiipeleka kwenye faili zote unapata hati zaidi ya 700. Kati ya hizo 19, 16 zilitoka katika folda mbili za mwisho, zilizoingizwa wiki ya mwisho ya mkataba, vijana wakikimbizana na muda.

Kisha nikatazama orodha ya zile hamsini zangu za "hapa na pale". 41 zilikuwa za folda nne za mwanzo. Za zile folda mbili za mwisho hapakuwa na hata moja.

Mzee alirudishiwa pesa zake. Swali ambalo linanisumbua mpaka leo ni wangapi walikatwa na hawakuweka nakala mfukoni.

Mkono una mapenzi yake

Sasa ugomvi wangu ndio huu. Kila ofisi niliyopita tangu wakati huo, mtu akiambiwa "kagua chache kwa bahati nasibu", anafanya nilivyofanya mimi. Anafungua folda, anabofya. Akimaliza anaandika kwenye ripoti kwamba sampuli ilichaguliwa kwa bahati nasibu. Nasema wazi: huo ni uongo, hata kama mwenyewe hajui kwamba anasema uongo.

Macho hayapigi kura. Kompyuta inapanga faili kwa jina au kwa tarehe, na wewe unaanzia juu kwa sababu ndiko dirisha linakofungukia. Faili kubwa inayochelewa kufunguka unaiacha. Skani yenye giza, iliyopigwa upande, unaifunga haraka na kuchukua ya pili yake, ilhali hiyo yenye giza ndiyo mwenzako aliyoisoma vibaya. Ukishafungua moja, jirani yake unaiona haifai, "si nimetoka hapo sasa hivi", ukaruka. Mwisho wa siku unakuwa umechagua faili nzuri, nyepesi, zilizosambaa vizuri machoni. Bahati nasibu ya kweli haiko hivyo. Huchukua tatu zilizofuatana, kisha ikaruka mia nne, kisha ikakurudisha ulikotoka. Haina haya wala haichoki.

Na tafadhali msiniambie kwamba tatizo langu lilikuwa uchache wa zile faili hamsini. Nimepiga hesabu. Kama makosa ni asilimia 6.3, na ungechukua faili 50 kwa bahati nasibu ya kweli, uwezekano wa kutokuta kosa lolote ni kama 4 kwa 100. Yaani hizo hizo hamsini, kwa muda ule ule na chai ile ile, karibu hakika zingenionyesha kwamba kuna uchafu. Kilichoniponza ni mkono.

Kifaa chenyewe

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Kura ni ile unayompigia mbunge, na kura ni ile wanayopiga watoto kujua nani aanze. Hii ya pili ndiyo ninayoitaka hapa, na kwenye kompyuta kuna kijiprogramu kinachoipiga vizuri kuliko mtu yeyote. Kinaitwa shuf. Kimo ndani ya GNU coreutils, lile furushi la amri ndogo ndogo linalokuja na karibu kila Linux, tangu mwaka 2006. Kimeandikwa na Paul Eggert. Hakina dirisha wala vitufe. Kazi yake ni kupokea mistari na kuichanga kama karata. Ukikipa -n 50, kinatoa hamsini na kunyamaza.

Hakijui faili ni nini, kinajua mistari. Kwa hiyo unakipa orodha ya majina ya faili, nacho kinakurudishia baadhi. Ndiyo maana naunganisha find na shuf: find inakusanya majina kutoka folda zote, hata zilizofichama ndani ya nyingine, shuf inapiga kura.

Kama majina ya faili zako yana mambo ya ajabu ajabu ndani yake, tumia njia iliyo salama zaidi:

find skani -type f -print0 | shuf -z -n 50 | xargs -0 ls -lh

Na kwa ndugu zangu wa saiba mnaotumia Windows, hamna kisingizio. Fungueni PowerShell:

Get-ChildItem -Recurse -File | Get-Random -Count 50

Nimemaliza somo la amri. Mistari hiyo mnaweza kuinakili. Lakini sikuja kwa ajili ya amri tu.

Faili 46,229

Tuondoke kwenye kontena, twende kwenye faili ambazo kila Mkenya ana hisa nazo.

Uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, ile fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo. Vituo vilikuwa 46,229. Mtu yeyote mwenye bando angeweza kuzipakua akiwa kwake Mtopanga au Mtongwe. Kwa mwanaprogramu ile ilikuwa zawadi: folda moja kubwa ya faili 46,229, na nchi nzima inasubiri kujua kilichomo.

Tulifanya nini na zawadi ile? Vyombo vya habari viliweka watu wa kufungua fomu na kujumlisha, na kila chombo kikaanzia kilipoona panafaa. Mnakumbuka zile siku. Saa ile ile, televisheni moja inaonyesha hayati Raila Odinga mbele, nyingine inaonyesha William Ruto mbele. Watu wakaanza kuulizana ni stesheni gani imenunuliwa. Pale Likoni kwenye feri ubishi ulikuwa wa abiria na abiria, kila mmoja ameshika simu yake yenye jumla tofauti.

Huenda hakuna aliyenunuliwa. Kila chombo kilikuwa kinasoma fomu halali, kinajumlisha sawasawa, na bado kinadanganya, kwa sababu ya mpangilio wa kufungua faili. Kenya ina ngome. Ukianza na fomu za ngome moja, anayependwa huko ataongoza. Ukianza na za pili, ataongoza mwenzake. Jumla ya katikati ya safari inaonyesha ulikoanzia, haionyeshi nchi.

Mfano ni sisi wenyewe. Katika namba za tume, Mombasa ni kaunti 001, na eneobunge la Changamwe ni 001. Sisi wa Changamwe ndio wa kwanza katika orodha ya Kenya nzima. Sasa zipange fomu kwa namba ya kituo, kisha ufanye ile dhambi ninayoiona kila siku kazini:

ls | head -n 50

Hizo "fomu 50 za Kenya" zote ni za Changamwe. Hata Kisauni, ambayo ni 003, hujaifikia. Likoni ni 005, sahau. Umeihukumu nchi kwa kuchungulia mitaa ya Chaani na Port Reitz.

Kulikuwa na njia ya pili, na kuna waliofuata njia hiyo. Kundi la waangalizi wa ndani, ELOG, lilichukua sampuli ya vituo 1,000 tu, vilivyochaguliwa kitakwimu kabla ya siku ya kura, likapeleka waangalizi huko. Makadirio yao yalikuwa asilimia 50.7 kwa Ruto na 48.7 kwa Odinga, juu au chini kwa takriban 2. Tarehe 15 Agosti tume ikatangaza Ruto kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, na Odinga 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Vituo 1,000 kati ya 46,229!

Tuwe wakweli: sampuli ile haikuweza kumtaja mshindi kwa uhakika, kwa sababu pengo lilikuwa dogo kuliko ule ukingo wa makosa. Lakini iliweza kusema jambo ambalo nchi ililihitaji kulisikia zile siku sita: hawa watu wako bega kwa bega, tulieni. Kama zile stesheni zingezichanga fomu kwanza kabla ya kuanza kufungua, kila mmoja na shuf yake, baada ya fomu elfu moja zote zingekuwa zinasema kitu kimoja. Zingefanya kazi ile ile kwa watu wale wale, tofauti ingekuwa amri moja mwanzoni.

Mtego wa RANDOM

Hapa nataka kuwasema wenzangu wa fani, wale wanaojiona wameshajua. Wengi wakiambiwa wachague faili kwa bahati nasibu hawatumii shuf. Wanaandika skripti yao wenyewe kwenye bash, na ndani yake wanatumia $RANDOM. Wanaweka majina yote kwenye safu, wanachukua $RANDOM, wanaigawa kwa idadi ya faili, wanashika baki. Nadhifu, fupi, na ina shimo la kuzika nchi.

$RANDOM ya bash hutoa namba kuanzia 0 hadi 32767. Basi. Haiwezi kutoa 32768, hata ukiiomba mpaka kesho. Sasa chukua zile fomu 46,229. Faili ambazo namba zake kwenye safu ziko juu ya 32767 ni 13,461, na hakuna hata moja kati ya hizo itakayochaguliwa. Kamwe. Skripti itakwenda vizuri, haitatoa onyo wala kosa, sampuli itaonekana imesambaa kutoka Changamwe mpaka bara. Lakini kama umezipanga kwa namba za kaunti, mwisho wa orodha ndiko iliko Kisumu, 042, na Kisii, 045, na Nairobi, 047. Umefanya "ukaguzi wa taifa" ukauacha mji mkuu wote nje, na hujui.

Sisemi kwamba kuna mtu alifanya hivyo mwaka 2022. Nasema kwamba ni rahisi kufanya hivyo, na kwamba nimeona mstari huo katika kazi za watu wenye digrii kama yangu. Kifaa kipo, kimepimwa na watu wengi, kipo kwenye mashine yako tayari. Kiburi cha kuandika chako ni cha nini?

Ngapi zinatosha?

Hili swali naulizwa sana. Watu wanadhani faili zikiwa nyingi lazima na sampuli iwe kubwa kwa kiasi hicho hicho. Sivyo. Mpishi akionja chumvi ya mchuzi anatumia kijiko kile kile, iwe sufuria ya nyumbani au sufuria ya harusi. Sharti ni moja, awe amekoroga. Hiyo ndiyo kazi ya shuf, kukoroga.

Kanuni rahisi ya kukumbuka: ukikagua faili 300 zilizopigiwa kura na usikute kosa, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba makosa hayazidi asilimia 1 hivi. Ukikagua 100 na usikute, hayazidi 3. Gawanya 3 kwa idadi uliyokagua, umepata jibu. Ukikuta makosa, hesabu inabadilika, lakini hapo tayari umeshajua kwamba kuna kazi.

Kuna anayesema, "Mimi nitakagua zote, sitaki kubahatisha." Sawa, fanya hesabu. Fomu 46,229 kwa dakika mbili kila moja ni zaidi ya saa 1,540. Kwa siku ya kazi ya saa nane ni siku 192. Na siku ya 60 macho yako hayatakuwa yale ya siku ya kwanza. Yule kijana wa kibarua aliyesoma tatu kuwa nane naye alikuwa anapitia zote.

Wanaonijibu

Nawajua watakaonipinga, kwa hiyo niwajibu mapema.

Wa kwanza ni mzoefu. "Mimi nina miaka ishirini kwenye kazi hii, nazijua faili zenye matatizo, naenda moja kwa moja." Namheshimu, na hakosei kabisa. Kukagua kwa kushuku kuna mahali pake. Mwaka ule ule wa 2022 Mahakama ya Juu ilipokuwa inasikiliza kesi ya urais, iliagiza masanduku ya vituo kadhaa vilivyotajwa yafunguliwe na kura zihesabiwe upya, vikiwemo vya Jomvu na Mikindani hapa kwetu. Pale kulikuwa na malalamiko mahususi, na malalamiko hujibiwa kwa kwenda yalipo. Lakini sanduku ulilolifungua kwa kushuku linakueleza habari za sanduku hilo. Halikuelezi lolote kuhusu maelfu ambayo hukuyafungua. Mzoefu afanye orodha yake ya kushuku, na pembeni yake iwepo orodha ya kura. Zote mbili. Asizichanganye na kuziita jina moja.

Wa pili anasema bahati nasibu ni kamari, jambo zito kama fedha za watu haliachiwi kamari. Ndugu yangu, kamari ni pale ulipotia sahihi ripoti kwa faili ulizochagua mwenyewe. Kura inakulinda wewe mkaguzi. Mtu akikuuliza "kwa nini uliiacha ile ya fulani?" unajibu kwamba hukuiacha wewe.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote, na nampa haki yake. Anasema: "Nitajuaje kwamba hukuichezesha hiyo shuf yako mara kumi mpaka ukapata sampuli iliyokufurahisha?" Swali zuri sana. Ukiiendesha shuf kama nilivyoonyesha hapo juu, kila mara inatoa orodha tofauti, na hakuna ushahidi kwamba hii uliyoleta ndiyo ya kwanza. Mtu mwerevu anaweza kurudia hadi zile folda mbaya ziwe zimekwepwa. Hapo tutakuwa tumetoka kwa mkono tukarudi kwa mkono.

Dawa yake ni mbegu. Badala ya kuiacha shuf ijitafutie bahati yake, unaipa chanzo kinachotokana na namba iliyojulikana na wote. Namba ile ile juu ya orodha ile ile huzaa sampuli ile ile, kwenye mashine yako na kwenye ya anayekushuku. Hivi:

find skani -type f | LC_ALL=C sort > orodha.txt
sha256sum orodha.txt
mbegu=48213907
shuf -n 50 --random-source=<(openssl enc -aes-256-ctr -md sha256 -pass pass:"$mbegu" -nosalt </dev/zero 2>/dev/null) orodha.txt

Mstari wa kwanza unapanga orodha kwa namna isiyobadilika. Wa pili unatoa alama ya kidole ya orodha hiyo, ili asiingie mtu usiku akaongeza au kupunguza jina. Itangaze alama hiyo kwanza, kabla mbegu haijapatikana. Wa tatu ni mbegu yenyewe. Wa nne ndio kura.

Na mbegu isitoke kichwani mwa mkaguzi. Jimbo la Colorado, Marekani, lilipofanya ukaguzi wake wa kura jimbo zima mwaka 2017, la kwanza nchini humo kwa ukaguzi wa namna hiyo, mbegu ilipatikana kwa kurusha dadu zenye pande 10 mbele ya umma. Sisi hatuhitaji hata hizo. Dadu ya ludo iko kila baraza kutoka Kongowea hadi Shelly Beach. Iteni mlinzi arushe mara kumi, dereva arushe mara kumi, mhasibu aandike. Dakika tano zimekwisha, na hakuna atakayesema kwamba fulani alichaguliwa kwa chuki au fulani aliachwa kwa undugu.

Ninachotaka

Sidai sheria mpya wala mradi wa mamilioni. Nataka mambo matatu tu.

Mosi, neno "bahati nasibu" lisiandikwe kwenye ripoti yoyote mpaka amri iliyotumika iwe imeandikwa chini yake. Kama ulichagua kwa macho, andika "nilichagua kwa macho". Si aibu, ni ukweli, na msomaji atajua aipime vipi.

Pili, orodha, alama yake na mbegu viwekwe mahali ambapo anayekaguliwa anaweza kuviona. Awe ni mzazi aliyenyimwa basari, awe ni dereva aliyekatwa mshahara.

Tatu, na hili ni la sisi wanaprogramu. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Fomu zikiwekwa tena mtandaoni, tusikimbilie kujumlisha kuanzia juu kama watu wasiokwenda shule. Tukubaliane mbegu mapema, kila mmoja achukue fungu lake lililochangwa, tuone kama Kisauni na Kisumu na Kericho zinaingia pamoja kuanzia fomu ya kwanza. Hatutamtangaza mshindi, hiyo si kazi yetu. Tutawapunguzia watu wa feri ubishi.

Ile hati ya mzee wa Likoni nilimwomba niipige picha. Ninayo bado kwenye mashine yangu, kwenye folda yake peke yake. Kila ninapotaka kuchagua faili mbili tatu "hapa na pale" kwa sababu nimechoka na matatu ya mwisho ya Kisauni inakaribia kuondoka, naifungua kwanza. Kisha naandika shuf.

Kwa leo naishia hapa. Wasalaam.